Mama Adolphine Aliyekataa Kulia

Mtaani kwetu Kapata, hapa Kolwezi, matanga ni mengi kuliko harusi, na kwa miaka zaidi ya ishirini sijaona matanga yaliyokwenda sawa bila Mama Adolphine Ngalula. Yeye ndiye anayejua nani akae kwenye mkeka na nani apewe kiti, wimbo upi uanze na uishie wapi, saa ngapi mfiwa alazimishwe kula hata matonge mawili ya bukari, ugali wetu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Asubuhi hukaanga mikate ya mafuta mbele ya nyumba yake, katika zile safu za nyumba ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, na watoto hununua wakienda shule. Kilio kikisikika mtaani, hufunika karai, huosha mikono hadi kwenye viwiko, hufunga kitambaa cheusi kichwani na kwenda.

Alizaliwa hapa hapa, mwaka wa hamsini na tisa. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana ili afanye kazi mgodini, akazaa watoto saba, akazikwa hapa. Adolphine aliolewa na mtu wa reli kule Mutshatsha, akakaa huko miaka kumi na miwili, kisha mume alipofariki akarudi Kapata na watoto watatu na cherehani moja. Katika parokia yetu ameongoza chama cha wamama kwa miaka kumi na minane. Sijasikia mtu akisema kwamba alimpendelea nduguye au kwamba alikataa kwenda kwenye matanga ya maskini.

Naandika habari zake kwa sababu ya juma moja la mwezi wa tisa. Juma hilo mwanamke huyu aliitwa mulozi, yaani mchawi. Neno moja tu lingetosha kumwokoa, naye akakataa kulisema.

Yote yalianzia kwenye filamu. Ariel Muamba, kijana wa miaka ishirini na sita anayeishi kwa kupiga picha za harusi, alikusanya majirani akatengeneza filamu katika nyua zetu. Aliiita "Mufu Anaomba Chai". Ni filamu ya kutisha na kuchekesha kwa pamoja, na habari yake ni ya utekaji. Watekaji watatu wanamkamata karani wa mfanyabiashara wa shaba, wanamfungia nyuma ya gari, na wanapofungua wanamkuta amekufa kwa hofu. Wanaogopa kumtupa. Wanamtia katika jeneza, wanampeleka kwa jamaa zake na kujifanya watu wa chumba cha maiti. Hapo wamekwisha kunaswa, kwa maana kwetu waliomleta maiti hawaondoki kabla ya mazishi. Wanapewa mkeka, wanapewa chakula, wanaambiwa waimbe. Na kila wimbo unapokwisha, mtu anagonga kutoka ndani ya jeneza na kuomba chai.

Karani alichezwa na Antoine, kijana wa miaka ishirini, mtoto pekee wa Mama Agnès Mbuyu, mjane anayeuza makala, makaa ya kupikia. Mama Adolphine alicheza bibi wa marehemu. Mama Agnès mwenyewe alikuwa amekuja tu kumletea mwanawe chakula, lakini Ariel alihitaji waombolezaji wengi, akamfunga kitenge na kumweka pamoja na wanawake wengine.

Kabla filamu haijaonyeshwa popote, Ariel alituma kipande cha dakika moja kwenye simu za watu ili waitamani. Kipande kile kilizunguka Kapata nzima kwa siku moja. Kinaonyesha jeneza katikati ya ua, na mgongo wa Mama Adolphine, umejaza picha, umeinama juu yake hadi paji la uso linakaribia mbao. Na kilio kinasikika, kikimwita Antoine kwa jina. Si kilio cha mchezo. Ni kile kilio ambacho ukikisikia ukiwa njiani unavua kofia. Watu walisifu. Walisema mama huyu angezaliwa Ulaya angekuwa na jina kubwa.

Wiki mbili baadaye Antoine alipelekwa hospitali ya mjini. Alikuwa na homa kali na hakumtambua hata mama yake.

Kwetu mtu aliye hai haliliwi. Kumlilia kwa jina lake, juu ya jeneza, ni kumfungulia mlango wa kaburi. Mimi nafundisha maadili shuleni, na daktari alisema wazi kwamba ni tifoidi iliyoachwa muda mrefu bila dawa. Mlango huo siuamini. Lakini nimewahi kuona paa la nyumba ya mzee mmoja likibomolewa kwa sababu ya neno mulozi, na mzee akiwa ndani.

Kwenye bomba la maji maneno yalianza asubuhi moja na kufikia adhuhuri yakawa hukumu.

"Muliona mugongo yake?" alisema Mama Agnès, ndoo yake ikimwagika bila yeye kuona. "Vile alikuwa anainama?"

"Mi niliona," mwenzake alijibu. "Hata kitambaa ilikuwa inatetemeka."

"Anajua njia yote ya makaburi, yule. Alimufungulia mutoto wangu mulango."

"Sababu yeye njo mukubwa wa matanga! Kama batu habakufe, atafanya kazi gani?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha hofu. Siku ya pili yake hakuna mtoto aliyenunua mikate. Niliona kwa macho yangu msichana wa darasa langu akinyoosha mkono kwenye karai, na mama yake akimvuta sikio: "Unatamani kukula bitu ya mulozi? Utaamuka asubuhi na mukia!" Mama Adolphine alifunika karai. Kesho yake alikaanga tena kiasi kile kile, akakaa mbele ya nyumba kama kawaida, akamsalimu kila aliyepita, na wengi hawakuitikia.

Baraza la parokia liliketi Jumatano. Mwenyekiti wetu, Tata Tharcisse Kankolongo, aliendesha treni ya mgodi miaka thelathini, na husema na watu kama anayesema juu ya kelele za injini. Mama Agnès alikuwepo, amevimba macho. Mama Adolphine aliketi peke yake kwenye benchi refu, mikono juu ya magoti.

"Mama Adolphine," alisema Tata Tharcisse, "ulimulilia Antoine?"

"Hapana, Tata Prezida. Sikulia."

"Kwenye telefone tunasikia kilio."

"Iko kilio, kweli."

"Basi nani alilia?"

Alitazama sakafu. "Uliniuliza juu yangu. Nilikujibu juu yangu."

"Hiyo ni jibu ya mutu anaficha kitu!"

"Njo jibu niko nayo, Tata."

Watu walinung'unika. Nilimtazama Mama Agnès. Alikuwa akisokota ncha ya kitenge chake, hakuinua uso. Baraza likaamua nipewe kazi mimi, kwa kuwa nilisoma chuo na Ariel aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Niende niitazame filamu yote, niandike nguvu zake na udhaifu wake, kama yafaa kuonyeshwa katika ukumbi wa parokia au haifai. Lakini zaidi ya yote nilete jibu la swali lile. Kama alilia, angeondolewa katika uongozi wa wamama siku ya Jumapili, mbele ya watu wote. Kila mtu katika chumba alielewa kwamba akiondolewa hataweza kuishi Kapata tena.

Jumamosi asubuhi Ariel alinikaribisha katika chumba chake, akanipa kiti kimoja alichokuwa nacho, mbele ya mashine yake, kompyuta ya kukunja, na yeye akasimama.

"Tata Mwalimu, usinikatie maksi nyingi," alisema.

"Maksi utapata zile unazostahili."

Nilikwenda na moyo mgumu. Kuteka mtu si jambo la kuchekea. Mjini kwetu kuna watu waliopanda taxi wasiyoijua na hawakufika nyumbani, na ndugu zao wanaishi nasi. Udhaifu wa kwanza wa filamu niliuandika mapema: watekaji wake wanapendeza mno. Yule mkubwa wao ana utani mwingi hadi mtazamaji anasahau kwamba ameua. Damu ni mafuta ya mawese, inaonekana. Uso wa mfu umepakwa unga wa mahindi, na jasho linauchora mistari. Mashine ya umeme ya jirani inanguruma katika nusu ya maneno. Na mwishoni anakuja polisi kuhubiri dakika sita, mahubiri ambayo hata mimi, mtu wa mahubiri, niliyaona marefu.

Lakini lazima niseme kweli yote. Nilicheka. Wakati wamama wanamkabidhi mtekaji mkubwa kinu na kumwamuru atwange sombe, majani ya muhogo, naye anatwanga huku jeneza linagonga nyuma yake, na hathubutu kugeuka, nilicheka hadi Ariel akatazama pembeni kwa heshima. Na nilipomaliza kucheka niligundua kwamba ninaogopa. Waovu wale walikuwa wamefungwa na wema wa watu waliowakosea. Waliletewa maji ya kunawa. Waliombewa. Kila sahani ya chakula iliwatia hofu kuliko bunduki. Sikudhani kijana niliyemfundisha kuandika insha angeweza kujua jambo kama hilo.

Kisha tukafika kwenye jeneza na kilio.

"Hapa niliweka kamera mbili," Ariel alisema, na sauti yake ikashuka. "Moja nyuma, hii muliona kwenye telefone. Moja mbele. Ile ya mbele, Tata... bibi yetu, nkambo Adolphine, aliniomba niikate. Alikuja hapa mwenyewe. Bado siyaikata."

Akaifungua ile ya mbele.

Nitaeleza nilichokiona kama nilivyokiona, na niliitazama mara tatu. Wanawake wameketi. Mama Adolphine yuko karibu na jeneza, uso mkavu. Pembeni ya bega lake, mahali kamera ya nyuma haikufika, yuko Mama Agnès. Wimbo unaanza, na Mama Agnès anatazama jeneza, na uso wake unabadilika. Amesahau kamera. Amesahau kwamba dakika chache kabla alimlisha mwanawe ndizi kabla hajaingia humo. Anafungua kinywa na kulia: "Antoine, baba yangu, unaniachia nani?" Analia kwa jina lake, na mistari yote tunayowalilia wafu wetu, na hawezi kuacha.

Na ndani ya jeneza, bila kupangwa, kijana anaanza kupiga mbao. Si kule kugonga kwa kuchekesha. Anapiga kama mtu anayekosa hewa.

Kisha Mama Adolphine anafanya mambo mawili kwa pamoja. Mkono wake wa kushoto unakwenda pembeni, unamshika Mama Agnès mdomo, taratibu, kama unavyomziba mtoto asiamshe wengine. Na yeye, mkono wa kulia juu ya mbao, anainama hadi paji la uso linakaribia mbao, ule mgongo ambao Kapata nzima iliuona, na anasema na aliye ndani. Kilio, hata kikizibwa, kimefunika sauti yake, lakini Ariel alisogeza kipaza sauti na nilisikia.

"Antoine. Iko mimi. Tuko hapa bote. Pumua. Kesho nitakukaangia mikate, yako peke yako. Pumua, mutoto. Hakuna mutu alikufa."

Hakuna chozi. Jicho lake moja linaonekana wazi, limefunguka, linang'aa, na ni kavu. Kugonga kunapungua. Kunakoma.

Nimesoma vitabu vya watakatifu na nimewahi kuwafundisha wengine. Lakini kumwona mtu akiwa na wawili wa kuwaokoa na mikono miwili tu, akaitumia yote miwili bila kugeuza kichwa, hilo sikuwahi kuliona.

"Hii njo nguvu ya filme yote," Ariel alisema polepole. "Nikiitoa, inabaki mchezo tu. Na nikiitoa, Tata, hakuna mutu atajua kama nkambo hakulia. Nilimuambia hivyo. Aliniambia: 'Kata tu, Ariel. Mutoto wa Agnès eko anagonjwa.'"

Nilikwenda moja kwa moja kwake. Alikuwa akikanda unga kwenye beseni, ingawa hakukuwa na wanunuzi. Nilimwambia nimeona yote.

"Niliogopa utaona," alisema. "Keti, Mwalimu."

"Mama, unaye shahidi. Picha yenyewe inakutetea. Kwa nini unanyamaza?"

Aliendelea kukanda. Kisha akaniuliza kama nakumbuka stesheni. Nakumbuka. Mwaka wa tisini na tatu, sisi wa asili ya Kasai tulipofukuzwa katika nyumba zetu, tulilala kando ya reli hapa Kolwezi tukingoja treni ya kwenda Kasai, wengine kwa miezi, kabla baadhi yetu hatujarudi Kapata. Mimi nilikuwa kijana.

"Princesse yangu alikuwa na miaka sita," alisema. "Kuhara na homa. Siku ya ine hakuamuka. Ba mama balisema imekwisha, balianza kulia. Na mi nilianza. Nililia na jina yake, vile tunaliaka mufu. Njo alifungua macho. Alituangalia bote, moja moja. Aliniuliza: 'Mama, nani alikufa?'"

Mikono yake ilisimama ndani ya unga.

"Nilikosa cha kumujibu. Alibakia tena siku mbili, Mwalimu, na alijua. Mimi njo nilimujulisha, na machozi yangu. Tangu ile siku, mutu akiwa anapumua, hakuna atalia mbele yangu. Haiko mambo ya bulozi. Mi siyui bulozi. Iko mambo ya macho ya ule mutoto."

Sikuwa nimejua kwamba alikuwa na binti huyo. Miaka yote hiyo ya matanga ya wengine, hakuwahi kumtaja.

"Sasa Agnès," alisema. "Mutoto wake moja tu. Ukimuambia mbele ya batu, 'wewe njo ulilia mutoto wako muzima', ataibeba siku zake zote, hata akipona. Na kama haponi? Utamuokota wapi ule mwanamuke?"

"Lakini yeye anakusingizia. Anajua alilia, na anakutupia wewe. Hiyo ni dhambi, Mama, na sitaiita jina lingine."

"Iko dhambi. Na iko woga. Mi niko na makumi sita na tano. Nilishazoea kubeba."

"Sitasema uongo mbele ya baraza."

"Nani alikuomba useme bongo?" Kwa mara ya kwanza alinikazia macho, na nikajiona kama mwanafunzi. "Nyamaza tu. Hata Bwana wetu mbele ya Pilato alinyamaza."

Usiku huo nilisali na sikupata jibu lolote isipokuwa kwamba sitasema uongo.

Jumapili baada ya misa chumba kilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Nilisoma nguvu na udhaifu wa filamu kama nilivyoagizwa. Nilisema watekaji wanapendeza mno. Nilisema polisi anahubiri mno, na watu wakacheka, na Tata Tharcisse akapiga meza.

"Mwalimu, tulikutuma juu ya kitu moja."

"Nimeitazama mara tatu, Tata. Mama Adolphine hakulia. Macho yake ni makavu toka mwanzo hata mwisho. Naapa kwa jina langu na kwa kazi yangu."

Chumba kikawa kama mzinga wa nyuki.

"Na ile kilio ni ya nani?"

"Hilo sitajibu."

"Utakosaje kujibu? Unafundisha batoto kusema kweli!"

"Niliyosema ni kweli. Nililoacha silisemi."

"Anamufunika!" mtu alipaza sauti kutoka dirishani. "Banakula mikate pamoja!"

Tata Tharcisse alisimama. Alisema hakuna kilio kisicho na mdomo. Ama jina litajwe, ama Ariel alete mashine yake sasa hivi na wote tutazame. Ariel alikuwa mlangoni, mashine kwapani. Nilimwona akinitazama, kisha akimtazama Mama Adolphine.

Mama Adolphine aliinuka kwenye benchi lake. Hakuwa na haraka. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Tata Prezida," alisema, "hakuna haja ya mashini. Kama baraza inatafuta jina moja ya kuandika, andika yangu."

"Unakubali ulilia?"

"Sikulia. Lakini andika yangu. Batu barudie kwao bakakule. Mi nitatoka kwenye chama lelo."

Nilifungua kinywa. Nadhani ningelitaja jina, na sijui hata leo kama ingekuwa wema au ubaya. Lakini sauti nyingine ilitangulia, nyembamba, kutoka upande wa ukuta.

"Hapana, yaya."

Mama Agnès alikuwa amesimama, ameshikilia bega la mwanamke aliyeketi mbele yake, akimwita Mama Adolphine dada yake mkubwa.

"Hapana, yaya. Iko mi. Mi njo nililia. Niliona lile jeneza na nilikosa akili. Nilimulilia mutoto wangu na jina yake. Yeye alinifunga kinywa na mukono yake, na mi nilienda kwenye bomba nikamuita..." Hakumaliza. Aliketi sakafuni akaanza kulia pale pale, kilio kile kile cha kwenye simu, na kila mtu chumbani alikitambua.

Hakuna aliyesogea. Nilijua wajibu wangu ni kuita dhambi dhambi, na palikuwa na dhambi mbele yetu, ya mwanamke huyo, na ya wale wote waliovuta watoto masikio. Lakini Mama Adolphine alikuwa amekwisha kufika kwake. Alimshika kwapani akamwinua, ingawa amemzidi umri kwa miaka ishirini.

"Panguza macho," alimwambia. Sauti yake ilikuwa kali, kama anavyosema na wafiwa wasiotaka kula. "Agnès! Panguza. Mutoto eko anapumua. Unamulilia nini mara ya pili? Tuende kule."

"Yaya, unisamehe."

"Utaomba njiani. Taxi iko mbali."

Watu walifungua njia. Tata Tharcisse, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alivua kofia yake wakati wanapita, na baada yake wanaume wote wakavua. Wao wawili hawakuona. Mama Agnès alikuwa amefunika uso, na mwenzake alikuwa akitazama ardhi ili wasijikwae kwenye ngazi.

Niliwafuata hospitali, nikasimama mlangoni mwa wodi. Antoine alikuwa amelala, maji ya dawa yakishuka kwenye mkono, midomo imepasuka. Mama Agnès hakuthubutu kukaribia kitanda. Mama Adolphine alivuta kiti, akamkalisha juu yake kwa nguvu, na yeye mwenyewe akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kumsimulia mgonjwa habari. Mbuzi wa katekista ameingia sakristia akala maua. Timu ya mpira ya mtaa wa pili imefungwa tena. Alisema kama mtu anayesema na mwenzake jikoni, bila kushusha sauti. Muuguzi alikuja kutunyamazisha, akasikiliza habari ya mbuzi, akaondoka akitabasamu. Baada ya muda mrefu Mama Agnès naye akaanza, kwanza kwa mnong'ono: gunia la makala limepasuka njiani, mutoto, na nilichekwa na ma-chauffeur. Aliposema hivyo mara ya pili, kwa sauti yake ya kawaida, niliona kidole cha Antoine kikisogea juu ya shuka. Sisemi ni muujiza. Dawa ilikuwa imekwisha kufanya kazi siku tano. Nasema niliona.

Siku ya tisa ya dawa Antoine aliweza kuketi na kula uji. Ariel alikuja kumwona, na mimi nilikuwepo. Alisimama mbele ya Mama Agnès kama mtoto aliyevunja chombo.

"Mama, nilikata ile fasi ya kilio yako. Haiko tena kwenye filme. Hakuna mutu atakuona."

Mama Agnès alimpangusa mwanawe kidevu na kitambaa.

"Rudisha," alisema.

"Mama, batu yote batakuona. Ukumbi muzima."

"Banione. Bakiniona mimi, batamuona na yaya Adolphine."